Fundi wa sare na gauni la kwanza: uchambuzi wa kisa kimoja cha Tabora

Mhusika wa kisa hiki ni fundi cherehani, mama wa miaka 43, mwenye kibaraza karibu na Soko Kuu la Tabora. Kwa karibu miaka ishirini ameshona kitu kimoja tu: sare za shule. Sketi za marinda, mashati meupe, kaptula na suruali za kaki, basi. Ameniruhusu nieleze habari zake kwa sharti kwamba nisitaje jina lake wala la yule binti tutakayemkuta mbele. Mimi ni mlezi wa kikoba chake, yaani kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa, kwa hiyo mengi nimeyaona kwa macho. Mengine nimesimuliwa na hao wawili, kila mmoja kwa wakati wake, na si kila mahali maneno yao yanalingana.

Kisa chenyewe ni kidogo. Fundi alitaka kujifunza kushona magauni, akakaa miaka miwili bila kuanza, halafu akaanza. Ninachotaka kukichambua ni hiyo miaka miwili, kwa sababu ndani yake alikuwa na kila kitu tunachoambiwa kwamba mtu anakihitaji ili ajaribu jambo jipya: nia, malengo, hamasa, hata vifaa.

Hali ilivyokuwa

Tabora ni mji wa shule. Kuna Tabora Boys, Tabora Girls, Milambo, Kazima, Uyui, ukiacha za msingi zilizojaa kila kata. Anayejua kupiga marinda hapa halali njaa. Ada ilipofutwa Januari 2016 kuanzia shule ya msingi hadi kidato cha nne, madarasa yalijaa, lakini sare ikaendelea kuwa juu ya mzazi, maana yake kazi ya fundi. Kuanzia mwisho wa Desemba hadi katikati ya Januari mama huyu hulala saa nane za usiku, na mchana wazazi husukumana kibarazani. Wala hapimi mtoto. Ana vipande vya boksi alivyovikata zamani, vimepauka kwa chaki, kila kimoja kimeandikwa darasa kwa kalamu ya wino. Humtazama mtoto mara moja, akachomoa kipande. "Huyu darasa la tatu, mwili wa la nne." Hakosei.

Miezi mingine ni ya kupunguza suruali za mtumba, kubadili zipu na kutia viraka. Hapo ndipo mambo yalipoanza kubana. Maduka yakaanza kuleta sare zilizoshonwa tayari, hasa mashati, kwa bei ambayo kwa fundi haitoshi hata kitambaa na uzi. Wakati huohuo kila kiangazi, tumbaku ikishauzwa na pesa zikishaingia mifukoni, mji mzima unaoa na kuolewa: sendofu, kicheni pati, harusi, kamati nzima ndani ya kitenge kimoja. Wanawake walikuja kibarazani na vitambaa vyao, naye akawaelekeza kwingine: "Hizo sishoni mama, nenda Kanyenye kwa binti yangu." Huyo binti si wa kumzaa. Alimchukua akiwa na miaka kumi na saba, akamfundisha kazi kuanzia kutia uzi kwenye sindano. Leo ana ishirini na sita, ana chumba chake cha kushonea, na wateja wanapanga foleni.

Hakuwa anawafukuza wateja kwa kuridhika. Kila aliyemwelekeza Kanyenye alimhesabu moyoni, na jioni alikuwa akiniambia wamefika wangapi.

Nia ilikuwepo

Tunasema penye nia pana njia. Nimeona watu wakitupiwa methali hii kama vile aliyeshindwa kuanza hakutaka kweli. Sasa mtazame huyu. Ukutani alibandika bango la mitindo. Alinunua mkasi mpya na rula ile iliyopinda ya kuchorea makwapa ya nguo. Alinunua kitenge kizuri, yadi sita, cha shilingi elfu arobaini na tano, "cha gauni langu la kwanza", akakifungia kabatini. Usiku alijiunga bando akatazama video za mafundi wa Dar es Salaam na wa Nigeria wakikata magauni, mpaka usingizi unamchukua simu ikiwa mkononi. Baada ya mwaka mmoja angeweza kukusimulia hatua zote za kukata gauni la bega moja. Hakuwa amekata hata moja.

Fundi saa wa kibaraza cha jirani alimrushia kijembe: mchagua jembe si mkulima. Watu wakacheka, naye akacheka nao. Lakini kijembe hicho ni cha wavivu, na mtu anayeshona mashati hadi saa nane za usiku huwezi kumweka kwenye kundi hilo.

Kisha kikoba kikaalika mzungumzaji wa hamasa. Alizungumza vizuri, sikatai. Akawaambia akina mama waachane na mazoea, waamini ndoto zao, na jambo lolote walifanye siku 21 mfululizo, litakuwa tabia. Vigelegele vikapigwa. Fundi akarudi nyumbani akachora jedwali la siku 21 nyuma ya kalenda. Siku ya tisa kukatokea msiba kwa jirani. Baadaye kidogo shule moja ikaleta oda ya haraka. Siku ya 21 ilimkuta hajagusa kitambaa, akaamua kwamba yeye si mtu wa mambo mapya, na hilo akaliamini kuliko alivyomwamini mzungumzaji.

Hizo siku 21 zimewaangusha watu wengi, kwa hiyo nizisemee kidogo. Zinarudi kwa daktari mmoja wa Marekani wa upasuaji wa kurekebisha sura, Maxwell Maltz, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji siku zisizopungua 21 kuizoea sura mpya kwenye kioo. Alikuwa anazungumzia kuzoea pua, si kujifunza kazi. Watafiti wa University College London wakiongozwa na Phillippa Lally waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea tabia ndogondogo, kama kunywa maji kwenye mlo au kutembea kidogo kila siku. Katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2010, wastani ulikuwa siku 66, na tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa mno: kutoka siku 18 hadi makadirio ya siku 254. Tena kuruka siku moja hakukuharibu jambo la maana. Ule msiba wa siku ya tisa ulisingiziwa bure.

Alichokuwa anaogopa

Siku moja ya Machi, saa ambayo kibaraza hakina mteja, nilimwuliza: ukiharibu gauni, nani anapata hasara, na nani anajua? Hakufikiri. "Kitambaa ni cha mtu, na harusi ni Jumamosi. Nikiharibu, hadi Ipuli watajua kwamba fundi wa sare kamharibia fulani gauni."

Jibu hilo, kwangu, ndilo kisa chote. Shati la darasa la tano likiharibika analikata upya likawa la darasa la tatu, na hakuna anayejua. Gauni la mtu halina pa kwenda. Halafu yeye si mwanafunzi aliyekuja mjini na begi. Mtaa mzima unamwita Fundi, wazazi wanamletea mabinti wao awafundishe. Mtoto wa miaka kumi na saba akikosea, anaambiwa ndiyo kwanza anajifunza. Mama wa miaka 43 akikosea, watu wanajiuliza kama hata zile sare alikuwa anajua. Ndiyo maana mara nyingi namwona mtu hodari wa jambo moja akichelewa kuanza la pili kuliko asiyejua lolote. Ana cha kupoteza, tena mbele ya watu.

Albert Bandura, mwanasaikolojia aliyefundisha kwa miongo mingi Chuo Kikuu cha Stanford na kufariki mwaka 2021, aliandika mwaka 1977 kwamba mtu huanza jambo, na kulivumilia likiwa gumu, kwa kadiri anavyoamini kuwa analiweza jambo hilohilo. Si kujiamini kwa jumla. Fundi wetu anajiamini vya kutosha, mjaribu uone kwenye marinda. Imani hiyo Bandura aliitolea vyanzo vinne: kuwahi kulifanya ukafaulu, kumwona mtu wa hali yako akilifanya, kuambiwa na watu kwamba unaweza, na jinsi mwili unavyojisikia unapolikabili. Chenye nguvu kuliko vyote ni hicho cha kwanza. Sasa rudi Tabora. Mzungumzaji alimpa maneno. Video zilimpa watu wa kutazama, lakini si wa hali yake: vijana wenye meza ndefu, taa kali na vyerehani vya umeme. Mwili ulikuwa unampinga. Alisema kila akikifungua kile kitenge viganja vinatoka jasho. Na kufaulu hata mara moja, hakuwa nako.

Kuna jaribio la Bandura na wenzake lililochapishwa mwaka 1969 ambalo nimemsimulia fundi, akacheka sana. Walichukua watu wanaoogopa nyoka kupita kiasi. Wengine walitazama filamu za watu wakichezea nyoka. Wengine walimtazama mtu akimshika nyoka mbele yao, kisha yeye mwenyewe akawasaidia kumkaribia, hatua kwa hatua, kwanza kumgusa wakiwa na glovu, halafu kwa mkono mtupu. Filamu ziliwasaidia kiasi. Waliosaidiwa kumshika walipona kuliko wote. "Kwa hiyo mimi," akasema, "mwaka mzima nilikuwa naangalia filamu ya nyoka."

Mashuka ya mtumba

Ushauri wangu wa kwanza haukuhusu kushona. Ulikuwa kwamba kile kitenge kitoke nyumbani. Kadiri kilivyokuwa kizuri, ndivyo gauni la kwanza lilivyotakiwa kuwa bila kasoro, na gauni la kwanza la mtu yeyote lina kasoro. Alimpelekea dada yake anayekaa mtaa wa Ipuli akitunze. (Baadaye sana kilishonwa, kikawa gauni la dada huyo. Alisema ni ujira wa ulinzi.)

Wazo la mashuka ni lake mwenyewe. Sokoni kulikuwa na mashuka ya mtumba ya elfu mbili, yaliyofubaa, yenye madoa ambayo hayatoki. Akanunua kadhaa. Shuka moja lina eneo la kutosha kukata na kukosea jioni nyingi, na hakuna mwenye shuka atakayekuja Jumamosi kuliulizia.

Halafu tulikaa tukajiuliza ni kipi hasa asichokijua. Alikuwa akisema "sijui magauni", kana kwamba gauni zima ni geni. Si kweli. Mshono ulionyooka anaujua kuliko mafundi wengi wa mjini. Kola anajua, upindo anajua, vifungo na matundu yake anajua, marinda usiseme. Kigeni kilikuwa kupima mwili wa mtu mzima, ile mikunjo midogo ya kifuani na kiunoni inayofanya kitambaa kifuate umbo, kutia mkono kwenye kwapa la gauni, na bitana. Ukitoa hayo, gauni lilikuwa tayari mikononi mwake. Nimemwona mtu akichoka kabisa mbele ya jambo jipya kwa sababu hajawahi kukaa akatenganisha sehemu yake iliyo mpya na ile anayoijua tangu zamani.

Jioni za mwanzo hakushona gauni. Alishona kwapa. Kipande cha shuka chenye kwapa na bega, mkono mmoja, basi.

Kuhusu saa, tuliacha kabisa kuweka muda. Kibaraza hakina ratiba. Kuna siku anafunga saa kumi na moja, kuna siku saa mbili usiku. Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia wa Ujerumani, alionyesha katika kazi zake, maarufu ikiwa ile ya mwaka 1999, kwamba lengo linatekelezeka zaidi likifungwa kwenye tukio: ikitokea hivi, nitafanya vile. Kwa fundi tukio lilikuwa pasi. Kila jioni, kazi ya mwisho ikishapigwa pasi na pasi ikishawekwa pembeni ipoe, anakata kipande kimoja cha shuka kabla ya kufunga. Pasi haipoi mara moja na hawezi kuiacha peke yake, kwa hiyo dakika hizo alikuwa nazo hata hivyo. Mlango aliurudisha nusu. Vilivyoharibika viliingia kwenye kiroba chini ya meza, na dada wa Ipuli akavifanya vishikio vya masufuria.

Wiki zikapita. Sikumwuliza maendeleo, ila nikaona kwamba sasa yeye ndiye anayeanza kunieleza habari za makwapa nikiwa nimekuja kwa ajili ya daftari la marejesho. Hamu niliyoisikia kwenye sauti yake haikuwepo Machi. Ilikuja nyuma ya kazi, si mbele yake.

Binti wa Kanyenye

Mkono ukakataa kukaa. Kila alipoushona ulivuta begani na kukunjamana mbele, na video hazikumsaidia, kwa sababu video haioni ulichokosea. Mtu wa kumwonyesha alikuwepo, nusu saa kwa miguu. Nikataja jina. Akanitazama kama nimemtukana. "Nikakae kwenye kigoda chake? Mimi niliyemfundisha kushika sindano?"

Sikurudia. Kilichofungua njia ni kwaya. Mwezi wa sita binti alipata oda ya sketi za kwaya ya kanisa, zote za marinda, na marinda hayapendi tangu alipokuwa mwanafunzi. Akaja kibarazani asubuhi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umepotea."

"Kazi, mama. Nina sketi za kwaya, Jumapili wanaimba, na nimekwama kabisa kwenye marinda. Naomba unisaidie, nitakulipa."

"Pesa yako kaa nayo. Utanionyesha kutia mkono wa gauni."

Binti aliniambia alicheka, akidhani ni utani. Alipoona mwalimu wake hacheki, akaona aibu yeye.

Walikutana Kanyenye, uani, mchana wa jua kali chini ya mwembe, fundi akiwa amemaliza fungu lake la sketi. Alitoa kwenye mfuko mkono wa shuka na kipande chenye kwapa. Binti hakusema kitu. Alisimamisha futi kamba kwa ukingo wake, akaizungusha kufuata mstari wa kwapa, akashika namba kwa kidole gumba. Akaizungusha tena juu ya mkono.

"Mama, huu mkono umeupunguza?"

"Ulikuwa mkubwa kuliko tundu. Nimeukata ulingane."

"Usiukate. Hiyo ziada ndiyo ya bega." Akachukua shuka, akakata mkono mwingine, mkubwa kidogo kuliko kwapa. Akapiga bandi mistari miwili juu ya kichwa cha mkono, akavuta nyuzi pole pole huku akisukuma kitambaa kwa kidole, mpaka ile ziada ikajikusanya bila kuonyesha mkunjo hata mmoja, ikawa kama kikombe. Akaupachika kwenye kwapa. Ukakaa.

Fundi akaugeuza, akautazama ndani, akautazama nje. Mashati ya shule mikono yake ni bapa. Ukiona mkono umezidi kwapa sana ujue umekosea vipimo, unakata. Kwa miezi alikuwa anarekebisha kitu kilichokuwa sahihi, kwa sababu ya ujuzi wake mwenyewe. Hakuna video ambayo ingejua kwamba inafundisha mshona mashati.

Hapa niseme ninachokifikiri. Tunawahimiza watu wakubwa wajishushe ili wajifunze kwa wadogo, na wengi hawajishushi, hata wakihimizwa vipi. Fundi huyu hakujishusha. Alikwenda akiwa na marinda mkononi, kitu ambacho binti hana, wakabadilishana. Aliingia kama fundi mwenzake. Tena binti alikuwa ndiye yule mtu wa hali yake ambaye video zilimkosesha: cherehani cha miguu kama chake, wateja walewale, umeme unaokatika uleule. Fundi anasema angekwenda tu hata bila kwaya. Binti anasema asingekwenda mpaka leo. Namwamini binti.

Zipu ya wifi

Mwezi wa nane alimshonea wifi yake gauni la sendofu, Isevya. Mbele lilikaa vizuri, mikono safi. Mgongoni zipu ilijikunja kama nyoka. Wifi akajitanda mtandio sherehe nzima, na kwa kuwa wifi ni wifi, kila aliyemwuliza mbona anatanda kwenye joto lile alielezwa sababu, kwa kicheko.

Bango likatoka ukutani. Mashuka yakaingia chini ya kitanda. Mwezi huo na uliofuata alishona sare tu, na akina mama wa kikoba walipomwambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi aliitikia "ni kweli" na kuendelea kutia zipu za suruali.

Binti alikuja bila kutumwa, akiwa na marinda mengine. Akaomba kuliona lile gauni, likaletwa, akalifumua mgongo palepale. Kitambaa kilikuwa chepesi na nyuma ya zipu hakikuwekwa gamu stifu (kile kitambaa kigumu cha ndani) ya kukishika. Halafu wakati wa kushona kilivutwa, kama kaki inavyovutwa. "Kaki inavumilia, mama. Hii haivumilii." Alasiri hiyohiyo zipu ikarudi mahali pake ikiwa imenyooka. Wifi alisema sasa ndiyo gauni, ingawa hadithi yake hajaacha kuisimulia.

Kwa maoni yangu alasiri hiyo ilikuwa na uzito kuliko ile ya mwembeni. Kabla yake fundi alikuwa na maelezo yake ya kilichotokea: "sina mkono wa magauni." Maelezo ya namna hiyo hayana pa kushikia, huwezi kuyafanyia kazi Jumanne jioni. Gamu stifu unaweza kuinunua. Kuvuta kitambaa unaweza kuacha. Wale waliompa moyo walikuwa na upendo, lakini walimwacha na maelezo yaleyale. Kila siku zilizopita bila mtu kulifumua gauni, maelezo hayo yalizidi kuota mizizi, na sioni kwa nini yangeondoka yenyewe.

Alipo sasa

Anashona magauni ya kawaida na vitenge vya kamati. Gauni la bibi harusi hagusi, na ninamuunga mkono. Sare bado ndiyo inayomlisha, ila kiangazi hakiishi tena kwa zipu na viraka. Ameanza kupiga picha kazi zake na kuziweka kwenye simu, mwanawe akimwelekeza, na kwenye kikoba amekubali kushika daftari la hesabu alilolikwepa miaka yote. Sitasema ni kwa sababu ya gauni. Bandura mwenyewe alieleza kwamba imani ya kuweza inashikamana na jambo husika, na inavuka kwenda kwenye mengine wakati mwingine tu, si lazima.

Tunabishana naye juu ya yule mzungumzaji. Anasema bila siku ile asingepata moto. Namkumbusha jedwali la nyuma ya kalenda, naye ananijibu kwamba moto ulikuwepo, kuni ndizo zilizochelewa. Hatujaelewana.

Lipo jingine ambalo mtu atakayekitumia kisa hiki kwa mwenzake alikumbuke. Mama huyu alikuwa na miezi mikavu, mlango wa kurudisha nusu, na mume mwenye mshahara wa reli. Mwanakikundi mwenzake anauza mboga sokoni kuanzia alfajiri. Dakika za pasi kupoa hana, na akikosea siku moja watoto wanaona jioni hiyohiyo. Kumwambia huyo ajaribu mambo mapya bila kumtafutia wa kumshikia meza ni kumwongezea mzigo. Mwingine alitaka kuweka mkopo wake wote kwenye mizinga ya kisasa ya nyuki, kwa sababu asali ya Tabora ina soko. Hofu yake ilikuwa na akili kuliko hamasa yake. Alianza na mizinga miwili.

Mwaka huu kikoba hakikualika mzungumzaji. Kiasi cha mfuko wa jamii kimetengwa kununulia vitu vya kuharibia: mashuka, unga wa kujifunzia maandazi, mafuta. Na wanachama wamepangwa wawili wawili, kila mmoja anajua kitu ambacho mwenzake hakijui. Fundi yuko na muuza vitumbua, anayetaka kujua kushona. Fundi mwenyewe anasema vitumbua vinamshinda. Jozi ya pili imeshagombana juu ya nani alimaliza mafuta, na kesi iko kwa mwenyekiti.